Bunduki ya Kwanza ya Mchunga Ng'ombe

Wazee wa umri wangu huulizwa na wajukuu zao habari za mahari, za mipaka ya mashamba, na za nani ni ndugu wa nani. Mimi wa kwangu ameniuliza anunue bunduki gani. Tena si moja, bali nne kwa mpigo.

Msomaji asishtuke. Mjukuu wangu si jambazi wala si askari. Ni dereva wa malori katika jimbo la Texas, Marekani. Alipokuja likizo kunisalimu hapa Basotu, alinieleza kwamba wenzake wa kazini wamemwalika ajiunge na mchezo wa kulenga shabaha kwa silaha za zama za kauboi. Wachezaji huvaa kofia pana, buti na mikanda ya ngozi. Kila mmoja hujipa jina la utani ambalo mwenzake haruhusiwi kulitumia. Kisha hupiga vibao vya chuma kwa silaha za mitindo ya karne ya 19. Alikuwa na picha nyingi katika simu yake. Akaniambia, "Babu, wewe ulikuwa mwalimu mkuu, hukuwahi kukosa jibu. Nianze na zipi?"

Swali hilo aliliuliza barazani kwangu, mbele ya majirani wanne waliokuja kumlaki mgeni. Watatu kati yao walijibu kabla yangu, na ubishi ukaendelea mpaka giza likaingia. Wa nne hakusema neno, na aliaga kabla chai haijaletwa. Mimi nami, niliyezoea kusema mbele ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, jioni ile nilinyamaza mahali nilipopaswa kusema. Ndiyo sababu naandika sasa, nikijua kwamba wapo majirani watakaoudhika.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe, maana si haki kubishana juu ya kitu tusichokijua. Ulianza huko California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1987 kikaundwa chama chake kikuu, kiitwacho Single Action Shooting Society. Mchezaji anahitaji silaha nne. Mbili ni bastola zenye silinda inayozunguka, ambazo nyundo yake lazima ivutwe nyuma kwa kidole kabla ya kila risasi. Ya tatu ni bunduki ndefu ya wenzo: chuma kilicho chini ya mkono husukumwa mbele na kurudishwa, na kwa tendo hilo ganda la risasi iliyokwisha hutoka na risasi nyingine huingia. Ya nne ni bunduki ya marisau, ambayo mara nyingi huwa ya mitutu miwili iliyolala sambamba, au ya kupampu ya mtindo wa mwaka 1897. Kila bastola hutiwa risasi tano, bunduki ya wenzo kwa kawaida kumi, na ile ya marisau hulishwa mbili mbili kadiri vibao vinavyodai. Saa hupima muda, na kila kibao kinachokoswa humwongezea mchezaji sekunde 5.

Mgeni alipomaliza kueleza hayo, jirani yangu mmoja, mzee mwenye zizi kubwa, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mjukuu wako ni mchunga ng'ombe asiye na ng'ombe!" Tukacheka sote, na mgeni naye akacheka. Kisha ushauri ukaanza kumiminika. Mzee huyo alisema bunduki ni kama dume la zizi, huchaguliwa kwa pembe. Kwa hiyo kijana achukue yenye kishindo kuliko zote. Wa pili, kijana wa makamo ya mjukuu wangu, alisema silaha za makumbusho hazina maana, na kwamba katika nchi yenye kila kitu mtu anunue ya kisasa inayopiga mfululizo. Wa tatu alisema mchezo ni kazi ya watoto: fedha hizo zitumwe huku, zinunue bunduki ya kweli ya kulinda ng'ombe wa kweli, kwa kuwa kauboi alikuwa na bastola kiunoni na ndiyo maana hakuibiwa.

Hoja hizo tatu nazipinga zote. Nitazichukua moja moja, kama nilivyokuwa nikifanya ubaoni.

Hoja ya kishindo ndiyo kongwe kuliko zote. Lakini hebu tuwatazame hao hao wanaocheza. Sheria za mchezo wao zinataka risasi ya risasi tupu, yaani madini laini, tena isiyokwenda kasi sana: ya bastola isifikie futi 1,000 kwa sekunde, na ya bunduki ndefu isifikie 1,400. Vibao vyenyewe viko karibu, hatua chache tu mbele ya mchezaji. Kwa hiyo wazoefu humshauri mgeni achague risasi ndogo ya .38 badala ya ile kubwa ya .45, kwa kuwa ile ndogo haimrushi mkono, haimtii woga, na gharama yake ni nafuu. Tena humwambia achague bastola na bunduki ndefu zinazokula risasi ya aina moja, ili asije akachanganya mifuko. Jambo hilo wachungaji wenyewe walilijua zamani. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilitumia risasi ya .44, na miaka michache baadaye kampuni ya Colt ikatengeneza bastola ya kula risasi ile ile, ili mtu abebe mkanda mmoja kwa silaha mbili. Mtu anayeijua silaha haanzi kwa kuuliza ina kishindo gani. Huuliza kama anaweza kuitawala.

Ipo kanuni moja ya mchezo huo ambayo iliponyesha mjukuu wangu, nami nikaacha kucheka. Silinda ya bastola ina matundu sita, lakini hutiwa risasi tano tu, na nyundo hulazwa juu ya tundu tupu. Katika bastola za kale sababu ni dhahiri: nyundo ikikaa juu ya risasi hai, bastola ikianguka au ikigongwa inaweza kulipuka yenyewe. Lakini leo zipo bastola za mchezo huu, kama Ruger Vaquero iliyoanza kuuzwa mwaka 1993, zenye kipande cha chuma ndani kinachozuia ajali hiyo. Fundi ameshaondoa hatari. Hata hivyo kanuni ni ile ile: tano, wala si sita. Anayezikuta silaha zote mkononi mwake ni mpya na salama hutii sawa na yule mwenye chuma cha babu yake. Hawakuruhusu usalama utegemee akili ya fundi wala bei ya kitu. Wameufanya kuwa tabia ya mtu.

Sasa naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini kanuni hiyo ilinikata maneno.

Katika nchi yetu bunduki ya kwanza ya mtu wa kijijini ilikuwa gobore. Wala hatukuichagua wenyewe. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini na mataifa ya Ulaya na mengineyo, ulizuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango wazi kwa bunduki za jiwe la kuwashia na baruti duni ya biashara. Waliokuwa wakija kututawala wakabaki na raifali, nasi tukaachiwa bunduki ya kushindilia mdomoni. Baadaye mafundi wa vijijini wakajifunza kuitengeneza kwa bomba la chuma na kitako cha mti, na ndivyo lilivyobaki hadi leo.

Ubaya wa gobore si kwamba ni dhaifu. Ubaya wake ni kwamba likishashindiliwa haliondoleki kirahisi. Unatia baruti, unatia kitambaa, unatia vipande vya chuma, unashindilia kwa ufito, unaweka fataki. Ukisha kufanya hayo, njia nyepesi ya kulitoa ni kulipiga. Na kwa kuwa fisi hamsubiri mtu ashindilie, mwenye gobore hulishindilia mapema na kuliweka tayari nyuma ya mlango. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama ni tupu au lina mzigo. Limenyamaza vile vile.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika wilaya yetu ya Hanang. Mzazi mmoja alinijia ofisini. Fisi walikuwa wamemmalizia ndama, na alitaka kuomba kibali cha kumiliki gobore kihalali. Hakuwa na mkono mzuri wa kuandika, akaniomba nimwandikie barua. Nilimwandikia kurasa mbili. Nilieleza kwamba ni mtu mwenye tabia njema, hanywi kupita kiasi, analipa michango ya kijiji, na watoto wake wote wako shuleni. Yote yalikuwa kweli. Niliipenda barua ile. Nakumbuka niliisoma mara mbili kabla ya kuikunja. Kibali kikapatikana.

Katika kurasa zile mbili sikuandika, wala sikumuuliza kwa mdomo, jambo moja tu: utaliweka wapi?

Kiangazi kilichofuata, baba akiwa mnadani na mama akiwa ameteremka ziwani kuchota maji, mtoto wake wa darasa la sita alilitoa gobore nyuma ya mlango ili amwonyeshe mdogo wake wa darasa la pili jinsi wawindaji wanavyolenga. Sitaeleza zaidi. Jumatatu nilifungua daftari la mahudhurio la darasa la pili, nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikapiga mstari juu ya jina la yule mdogo na pembeni nikaandika sababu, kama taratibu zilivyotaka. Mkono uleule ulioandika barua. Kaka yake hakurudi shuleni. Nilimfuata nyumbani mara tatu, akawa anatoroka kila alipoisikia baiskeli yangu.

Baba yao hakunilaumu mpaka alipokufa. Hakuna aliyenilaumu, maana barua ilikuwa ya kweli na kibali kilikuwa halali. Lakini mimi nilifunzwa katika chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambao sera ya chama ilitaka wananchi wajifunze ulinzi, nasi tulifanya mafunzo ya mgambo kwa bunduki za mbao. Za mbao kabisa, zisizo na tundu. Siku moja mwenzangu alimwelekezea rafiki yake ile mbao kwa utani, na mkufunzi akamzungusha uwanja mpaka akatapika. Tulimwona mkufunzi yule ni mkatili. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kufikiri juu ya tukio lile kabla sijaandika barua ile, na sikufikiri.

Kwa hiyo jirani yangu anaposema bunduki huchaguliwa kwa pembe, namjibu hivi: hata dume la zizi hulinunui kabla hujajenga zizi.

Hoja ya pili, ya silaha ya kupiga mfululizo, haitanichukua muda. Kijana aliyeisema anadhani polepole ni upungufu. Katika mchezo huu polepole ndilo fundisho. Nyundo lazima ivutwe upya, wenzo lazima usukumwe upya. Kila risasi ni uamuzi mmoja. Mchezaji hawezi hata kujaza silaha yake atakapo. Ipo meza ya kujazia, ambapo mwenzake humtazama, na ipo meza ya kutolea, ambapo huonyesha kwamba kila tundu ni tupu kabla hajaruhusiwa kuondoka. Akiangusha silaha yenye risasi, mashindano yake yote yamekwisha siku hiyo, awe bingwa au mgeni. Hakuna anayesema "lakini haikulipuka." Nimeongoza shule kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sikuwahi kuwa na kanuni moja iliyofuatwa hivyo na wakubwa na wadogo sawasawa.

Nije kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo yenye uzito, kwa sababu wizi wa mifugo upo na aliyeisema si mjinga. Anasema kauboi alikuwa na bastola, na ndiyo iliyomlinda. Hoja hii haikutoka Marekani. Imetoka kwenye sinema. Sisi tulioziona picha za kauboi mjini Arusha ujanani tulitoka ukumbini tukitembea kwa kutanua miguu, na wengine hatujaacha.

Kauboi wa kweli alikuwa kibarua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilijaa ng'ombe wasio na soko, na kuanzia mwaka 1867 makundi makubwa yakaswagwa kaskazini hadi kwenye reli ya Kansas, katika mji wa Abilene na mingine iliyofuata. Aliyeswaga alilipwa mshahara mdogo kwa mwezi, akila vumbi na maharage. Wengi wao walikuwa Wamexico na watu weusi waliotoka utumwani. Wanahistoria wengine hukadiria kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Katika sinema tulizoziona hatukumwona hata mmoja.

Na walipofika mjini na bastola zao, je, walipokewaje? Dodge City, mji uliosifika kuliko yote kwa fujo, ulipiga marufuku kubeba silaha hadharani na kuweka tangazo barabarani. Huko Tombstone, Arizona, mji ulikuwa na kanuni ya namna hiyo hiyo. Mapigano mashuhuri ya tarehe 26 Oktoba 1881, ambayo filamu hazichoki kuyaonyesha, yalitokea pale ndugu wa ukoo wa Earp na mwenzao walipokwenda kuwanyang'anya silaha watu waliodaiwa kuivunja kanuni hiyo. Yalichukua nusu dakika hivi na watu watatu wakafa. Kwa maneno mengine, watu wa zama za kauboi wenyewe, waliolala na kuamka na bunduki, ndio waliosema: hapa mjini, kati ya watoto na maduka, ziwekwe chini. Atakaye kuwaiga awaige na katika hilo.

Na wezi je? Kauboi aliibiwa sana. Kilichomsaidia mwenye mali zaidi ya bastola ilikuwa chapa ya moto ubavuni mwa ng'ombe, iliyoandikishwa kwenye kitabu cha serikali, ili mwizi asipate pa kuuza. Sisi nasi tunayo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2021 serikali ilihimiza hereni za kielektroniki. Ni wangapi kati yetu walizipinga hereni zile kwa maneno makali, na leo wanataka bunduki? Mtu asiyekubali kumtia ng'ombe wake alama ana haki gani ya kudai silaha ya kumlinda?

Tena tujiulize kwa unyofu: katika maisha yangu ni nini hasa kilichowachukua ng'ombe wa Basotu? Nimeona ndigana ikiwamaliza. Nimeona ukame. Na nimeona jembe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu, kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima ngano katika tambarare hizi chini ya Mlima Hanang, na hatimaye yakawa mashamba makubwa saba ya serikali, yenye jumla ya ekari zipatazo laki moja. Ardhi ile ndiyo iliyokuwa malisho bora ya Wabarabaig. Hata makaburi ya wazee wao yakaingia katika mipaka ya ngano. Nimesoma baadaye kwamba kauboi naye hakuuawa na bastola ya mtu. Aliuawa na seng'enge, iliyopewa hataza yake maarufu mwaka 1874, pamoja na reli, na majira ya baridi kali ya 1886 hadi 1887 yaliyowagandisha ng'ombe kwa malaki. Kansas alikopeleka ng'ombe pakawa nchi ya ngano. Mchunga ng'ombe wa kule na wa huku wameshindwa na kitu kimoja, na hakuna bunduki iliyotengenezwa ambayo ingekipiga.

Wazee wa Mulbadaw walilijua hilo. Wangeweza kuchukua mikuki. Ujasiri walikuwa nao, maana katika jamii hii kijana aliyeua simba kwa mkuki alizungushwa kwa jamaa zake na kuzawadiwa ng'ombe. Badala yake walilipeleka Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa. Walishindwa, ndiyo. Lakini kesi yao inasomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, na hakuna mtoto aliyekufa nyuma ya mlango kwa sababu yake.

Sisemi kwamba mfugaji asimiliki silaha. Fisi hasomi sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inampa njia, na njia hiyo ifuatwe yote, ikiwamo sehemu tunayoirukaruka, yaani wajibu wa kuitunza silaha mahali salama. Mwenye gobore lisilo na karatasi alijue neno hili pia: mwaka 2022, mwezi wa Septemba na Oktoba, serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari. Najua hapa kwetu waliozisalimisha na najua waliozibadilishia dari. Hao wa pili ndio wanaonisalimu kwa sauti ndogo. Ninachopinga ni mpangilio wa mawazo. Tunachagua bunduki kwanza, kisha tunatafuta mahali pa kuiegemeza.

Basi nilimjibu mjukuu wangu kwa barua, baada ya kurudi kwake Texas, na jibu lenyewe ni hili.

Seti yako ya kwanza haina bunduki hata moja. Kitu cha kwanza ni kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa skrubu ukutani, kabla hujawa na cha kuweka ndani. Cha pili ni miwani ya kukinga macho na viziba masikio, kwa kuwa chuma hurudisha vipande na mlio hauponi. Cha tatu ni kitabu cha kanuni; kisome kama mtihani wa darasa la saba. Cha nne, nenda kwenye mashindano yao mara tatu mikono mitupu. Umeniambia mwenyewe kwamba wenyeji hupenda kumwazima mgeni silaha zao; azima, uone ipi inakaa mkononi mwako na ipi inakaa machoni tu.

Ukiisha kufanya hayo, na moyo ukiwa bado unataka, anza na bunduki ya marisau ya mitutu miwili. Sababu yangu si ya mchezo. Ni kwamba ukiivunja katikati unaona mwanga wa jua katika mitutu yote miwili, na mtu yeyote aliye karibu nawe anaona. Ni silaha inayokiri. Kisha ile ya wenzo, na bastola mbili mwisho kabisa, kwa kuwa kitu kifupi hugeuka upesi na kumwelekea mtu asiyekusudiwa. Zote za risasi ndogo. Na hata ukinunua ile ya kisasa yenye chuma cha kuzuia ajali, tia tano. Jina la utani jipe utakalo, ila usijiite Mmarekani. Wewe una babu aliyechunga.

Kabla ya kuyatoa haya kwa mchapaji, nilikwenda kwa yule jirani wa nne, aliyeaga kabla ya chai. Ana umri wa zaidi ya miaka hamsini sasa. Hana gobore, na hajawahi kuingia nyumba yenye gobore; hilo nalijua kwa kumtazama miaka yote hii. Hakuwahi kurudi shuleni, lakini kila akikutana nami mnadani husema "Shikamoo mwalimu" na kupita upesi. Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari ya mdogo wake bila kutaja jina. Akaniambia nimsomee kwanza.

Nilimsomea yote, tukiwa tumekaa nje ya zizi lake, ng'ombe wakiingia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye habari ya kabati la chuma aliniinulia mkono nisimame.

"Mwalimu," akasema, "ongeza habari ya ufunguo. Asiutundike juu ya mlango wala asiufiche chini ya godoro. Watoto wanajua funguo zote za nyumba. Mwambie autembee nao."

Nimeongeza.